Muulizeni Aliyemuuzia

Kila kikao cha wazazi ninachohudhuria miaka hii hakikosi mtu wa kusimama na kusema watoto wanaharibiana wenyewe. Pombe, anasema, mtoto hafundishwi na baba wala mama. Anafundishwa na makundi. Vichwa vinatikisika kukubali. Na akitokea mwalimu au mtu wa ustawi wa jamii akapendekeza kwamba vijana haohao wapewe nafasi ya kuzuia wenzao wasianze kunywa, ukumbi unaguna. Fisi akabidhiwe bucha? Nimeyasikia hayo Kimara, nimeyasikia Moshi, nimeyasikia redioni asubuhi wapiga simu wakipokezana, wote kauli moja.

Kauli hiyo si kweli. Sisemi wanaoitoa ni waongo. Wengi ni wazazi wenye uchungu, watu waliokesha macho makavu wakisubiri mlango ugongwe, na ulipogongwa wakamwingiza ndani mtoto wa miaka 15 asiyeweza kusimama. Uchungu wao nauheshimu. Lakini wamemkodolea macho mtoto mpaka wamesahau kuitazama chupa.

Tuifuate chupa basi. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana kiwanda, hana gari la kusambaza, hana leseni ya vileo, hana hata jokofu. Bia iliyomfikia mkononi ilipikwa na mtu mzima, ikapakiwa na mtu mzima, ikashushwa kreti kwa kreti mlangoni pa grosari na watu wazima, na kizibo kikang'olewa na mtu mzima. Gongo nayo ni hivyohivyo: mtambo uko nyuma ya nyumba ya mtu anayejulikana na mtaa mzima, na anayepima na kupokea hela ana wajukuu. Yule mwenzake aliyempa, huyo tunayemwita kundi baya, ni mkono wa mwisho katika mlolongo mrefu wa mikono. Tumeuona huo mmoja kwa sababu ni mdogo na hauna wa kuutetea.

Mimi nilianza kutumwa bia nikiwa na miaka tisa. Mfuko wa rambo, chupa tupu mbili zikigongana ndani yake, noti imekunjwa kwenye ngumi. Mwenye grosari alikuwa na swali moja tu kwangu: "Ya moto au ya baridi?" Hakuwahi kuniuliza umri, na hata angetaka kuujua, jibu lilikuwa mbele yake, maana kidevu changu kilikuwa hakijaifikia kaunta. Nikirudi nyumbani, mjomba alinisogezea glasi nilambe povu la juu, ndio ujira wa safari. Likizo ya Desemba tukipanda Kilimanjaro kwa bibi ilikuwa zamu ya mbege, ndizi na kimea cha ulezi, ikizungushwa kwa wakubwa kwenye kata na sisi watoto tukigaiwa yetu kwenye vikombe vya bati. Rafiki hakunifundisha pombe. Nilifundishwa na watu walionipenda, mchana kweupe, huku wakicheka.

Siwasemi kwa chuki. Walinifanyia kama walivyofanyiwa wao. Nawasema kwa kuwa kila ninapomsikia mzazi akilaani makundi, namwona yule mtoto wa miaka tisa na mfuko wake wa rambo, na najiuliza huyo anahesabiwa kundi gani.

Wanasheria wetu waliliona jambo hili mapema kuliko vikao vyetu. Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasema ni kosa kwa mwenye baa au disko kumruhusu mtoto kuingia, na ni kosa kumuuzia mtoto sigara, pombe au kilevi kingine chochote. Mtoto, kwa sheria hiyo, ni kila aliye chini ya miaka 18. Angalia kosa limewekwa begani kwa nani. Limewekwa kwa anayefungua mlango na anayepokea hela. Hata matangazo ya bia yenyewe yanamalizia kwa kusema haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18, maneno yanayomhusu muuzaji. Sisi tumeyageuza, tukamfanya mtoto aliyeuziwa ndiye mshitakiwa, na muuzaji tunakaa naye kamati moja ya harusi.

Halafu kuna hili la "vijana wa siku hizi". Joel Francis na watafiti wenzake waliwahoji vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza, na matokeo yao yakachapishwa 2015. Unywaji ulikuwa juu zaidi Kilimanjaro. Sasa, vijana wa mikoa hiyo miwili ni rika moja. Wanasikiliza miziki ileile, wanafanya mtihani uleule wa taifa, wanashika simu zilezile. Kama tatizo lingekuwa ni kizazi, pasingekuwa na tofauti. Kinachotofautiana ni kile wanachokikuta kwa wakubwa: mahali ambapo pombe iko kwenye posa, iko kwenye ubarikio wa mtoto wa miaka 14, iko msibani, na mahali ambapo haina kiti cha mbele kiasi hicho. Nalisema hili mimi mwenye asili ya huko, na halinipi raha kulisema.

Wenye kumbukumbu watakumbuka viroba. Vilining'inia dukani kwa Mangi kwenye uzi mmoja na pakiti za shampuu, pombe kali ndani ya karatasi ya plastiki isiyozidi kiganja. Kiroba kilikaa kwenye mfuko wa shati la shule bila kuvimba. Bei yake haikushinda hela ya chapati na soda. Miaka yote ile tulihubiri sana: wachungaji na masheikh walikemea, walimu walichapa, makongamano yalifanyika, na viroba viliendelea kuuzwa. Kisha Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kwamba kuanzia 1 Machi 2017 ni marufuku kutengeneza, kuuza na kutumia pombe ya viroba. Tarehe 2 Machi watoto wetu hawakuwa wameokoka. Makundi yao yalikuwa yaleyale, yamekaa kwenye kona zilezile. Ila ule uzi wa kwa Mangi ulikuwa umebaki na shampuu peke yake. Kenya ilikuwa imepiga marufuku pakiti za aina hiyo tangu 2004, na Uganda ikafuata 2019.

Sidai marufuku ilimaliza kazi. Biashara ni kama maji, ukiziba huku yanatafuta upenyo kule, na haikuchukua muda tukaanza kuona vichupa vya plastiki vinavyoingia mfukoni vizuri tu. Ndiyo maana nasema tunahitaji macho mtaani. Afisa biashara wa halmashauri ana kata nyingi na gari moja, tena mara nyingi halina mafuta. Hawezi kujua kwamba banda la chipsi lililo mkabala na geti la shule limeanza kupima pombe kali kwa toti kuanzia saa nane mchana. Mwanafunzi anajua. Alijua siku ya kwanza.

Hapa ndipo ninapoachana pia na watu wanaodhani wako upande wangu. Wapo wanaowapenda waelimishaji rika, yaani vijana wa kuwaelimisha wenzao, wanawachangia na kuwaita majukwaani, lakini wanawapenda kama mapambo. Wanawavisha fulana zenye maandishi mgongoni, wanawafundisha ngonjera, wanawapanga mstari mgeni rasmi anaposhuka garini. Kazi wanayowapa ni moja tu: kamwambie mwenzako aseme hapana. Na ngonjera ikishaisha, mgeni rasmi anapiga makofi, picha inapigwa, posho inagawiwa, na grosari ya mkabala inaendelea kupiga muziki wake.

Wanaotupinga wana hoja yao nzito hapo, na sitaikwepa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoani Mwanza ulianzishwa mradi wa MEMA kwa Vijana, uliopimwa kwa makini katika jamii 20, nusu zikipata mafunzo na nusu zikisubiri. Ndani yake walikuwemo wanafunzi waliochaguliwa darasani kuwaelimisha wenzao, wakiigiza na kujibu maswali kuhusu UKIMWI na afya ya uzazi. Vijana wale walielewa zaidi, na mitazamo waliyoieleza ilibadilika. Lakini maambukizi ya VVU hayakupungua, na ufuatiliaji wa 2007 na 2008 nao haukuona upungufu huo. Marekani nako, mpango wa D.A.R.E., uliozaliwa Los Angeles 1983, ulipeleka askari polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya na pombe. Ulienea nchi nzima. Tafiti moja baada ya nyingine zikakuta watoto waliofundishwa na wasiofundishwa hawatofautiani kwa lolote la maana baada ya miaka michache.

Mtu akinisomea hayo anadhani amenimaliza. Kumbe amenisaidia. Tafiti hizo hazikusema vijana hawafai. Zilichoonyesha ni kwamba ukimjaza mtoto maarifa kisha ukamrudisha kwenye mtaa uleule, kwa muuzaji yuleyule, kwa mjomba yuleyule mwenye glasi, mtaa unamshinda. Binti aliyejua kila kitu kuhusu VVU alikuwa bado na mwanaume mwenye hela anayemsubiri njiani. Kijana anayejua kila kitu kuhusu ini ana duka hatua chache kutoka darasani. Tumewapa watoto kazi ya kuwashinda watu wazima kwa maneno matupu, wakishindwa tunasema tuliwaambia.

Na ukitaka kujua mahubiri hayo yanamnufaisha nani, tazama nani anayalipia. Diageo, kampuni kubwa ya vileo yenye makao yake London, inafadhili Smashed, igizo la shuleni lililoanzia Uingereza 2005, ambamo waigizaji vijana wanawaonyesha wanafunzi madhara ya kunywa wakiwa wadogo. Limezunguka nchi nyingi. Sina haja ya kuwasema vibaya vijana wanaoigiza. Naamini wanafanya kwa moyo. Ninachouliza ni kwa nini kampuni inayoishi kwa kuuza pombe inafurahia elimu ya aina hiyo. Shirika la Afya Duniani limeshasema mara nyingi kinachopunguza madhara ya pombe kwa gharama ndogo ni nini: kupandisha kodi, kubana matangazo, kupunguza mahali na saa za kuuza. Igizo halipandishi kodi. Igizo haling'oi bango. Linamfundisha mtoto kwamba uamuzi ni wake peke yake, na akikosea, kosa nalo ni lake peke yake. Hiyo ndiyo kauli ya yule mzazi wa kikaoni, isipokuwa hii ina bajeti.

Basi kijana afanye nini? Nitaeleza nilichokiona.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa shule ya kata, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniita niongee na klabu ya wanafunzi wake. Nilikwenda na hotuba mfukoni. Kabla sijaitoa, binti mmoja wa kidato cha tatu akaniamkia, akaniomba kwanza nitazame daftari lake. Ni daftari la kawaida la kurasa 80, jalada limechanika pembeni. Alikuwa amechora ramani: geti la shule katikati, barabara ya lami, vichochoro viwili, msikiti, kituo cha bodaboda. Kwenye ramani kuna alama za msalaba kwa wino mwekundu, na kila msalaba una namba. Ukurasa wa pili namba hizo zina maelezo, kwa mwandiko wa kujibana ili karatasi isiishe. Hatua 62 kutoka getini, duka, linauza vichupa, bango la bia mlangoni. Hatua 140, grosari, inafunguliwa kabla ya mapumziko ya mchana. Hatua 205, mama wa vitumbua, hauzi pombe, ila bango la bia limepigiliwa kwenye ukuta wake bila yeye kuulizwa.

Nikamuuliza kwa nini alihesabu kwa hatua. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi: "Mita sina, baba. Miguu ninayo."

Sikuitoa hotuba. Ningemwambia nini? Kwamba pombe ni mbaya? Alikuwa ameshavuka hapo zamani. Wenzake walikuwa wamegawana kazi: mmoja anaandika matangazo ya bia yanayosikika redioni wakati wa vipindi vya mpira mchana, wengine wawili wanaandika ni siku gani gari la matangazo linapita na spika. Hakuna aliyekuwa anamhubiria mwenzake. Ila nilijulishwa na mwalimu jambo ambalo sikulitegemea: wavulana wawili waliokuwa wakijulikana kwa kunywa walikuwa wameomba kujiunga na kazi ya kuhesabu. Inaeleweka. Mtu aliyechoka kuambiwa yeye ndiye tatizo alikuwa amepata mahali pa kuuliza swali.

Huo ndio uraghibishi wa vijana ninaoutetea. Ushahidi. Mtoto anasimama mbele ya wakubwa na kusema: hiki kinauzwa hapa, saa hizi, umbali huu, na ninyi ndio mliotoa kibali.

Na si jambo geni duniani. Mwaka 1981, katika mji wa Wayland jimboni Massachusetts, wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao Robert Anastas walianzisha chama cha kupinga kuendesha gari kwa ulevi, SADD. Silaha yao kubwa ilikuwa karatasi moja ya mkataba. Kijana anaahidi kumpigia simu mzazi kama yuko mahali palipo na ulevi na hana njia salama ya kurudi. Mzazi anaahidi kumfuata saa yoyote bila ugomvi usiku ule. Mkataba haukuishia hapo. Mzazi naye alitakiwa kuahidi kwamba akizidiwa na pombe hatashika usukani. Mtoto alikuwa anamsainisha baba yake. Wapo waliolalamika kwamba mkataba huo ni kama kumruhusu kijana anywe, na malalamiko yao yana uzito, lakini hakuna anayeweza kusema haukumgusa mtu mzima.

Marekani hiyohiyo, baada ya sheria ya 1984 iliyoyabana majimbo yote yaweke umri wa miaka 21, ilijengeka desturi ya polisi na wakaguzi kumtuma kijana aliye chini ya umri aingie dukani ajaribu kununua. Akiuziwa, anayelipa faini ni muuzaji. Kijana pale ni mizani ya kumpima mtu mzima.

Iceland nayo inatajwa sana, na mara nyingi inatajwa vibaya, kana kwamba ni hadithi ya watoto waliojirekebisha. Mwaka 1998, asilimia 42 ya wanafunzi wa nchi hiyo wa miaka 15 na 16 walisema walilewa mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Katikati hapo sheria ilikataza matangazo ya pombe na kuuza pombe kwa walio chini ya miaka 20, kulikuwa na saa za watoto kuwa nyumbani usiku, wazazi walitia saini mikataba shuleni, na fedha za umma ziligharimia michezo na muziki ili mtoto asiyekuwa na hela naye awe na pa kwenda. Na kila mara vijana wenyewe walijaza madodoso, na majibu yao yakarudi shule kwa shule, mtaa kwa mtaa, yakiwataka wakubwa wachukue hatua. Sisi hatuna fedha za Iceland wala baridi yake. Lakini kumuuliza mtoto anachokiona, na kukiandika, hakuhitaji mafuta ya gari.

Zipo pingamizi mbili ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni ya usalama. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu ataonekana mpelelezi, wataniumizia." Ana haki ya kuogopa. Wauza gongo wengine si watu wa mchezo. Kwa hiyo ninapinga kabisa mtoto kutumwa peke yake, kuandika majina ya watu, au kupeleka taarifa polisi kwa mguu wake. Binti wa daftari hakuandika jina la mtu hata mmoja. Aliandika vitu vinavyoonekana na kila mpita njia: bango, mlango, saa, umbali. Waliokwenda walikwenda wanne wanne wakitoka shule. Na anayepaswa kulibeba daftari kwenda ofisini ni mwalimu au mzazi, kwa jina la klabu nzima. Hatari ikibaki, ni ya kubebwa na mtu mzima. Hatuna sababu ya kumwacha mtoto anywe kwa kuwa sisi tunaogopa kusema.

Ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo inayoninyima usingizi. Wengi wanaouza pombe mitaani ni akina mama. Anayepika komoni au mbege hakuamka siku moja akatamani kulewesha watoto wa watu. Ana watoto wa kwake, ana kodi ya chumba, mume ameondoka au amelala. Ukija na ramani yako yenye misalaba myekundu, unamchoma yeye kwanza, na kiwanda kikubwa kinabaki kinadhamini mpira. Nimekaa na akina mama hao. Mmoja alinionyesha ada ya mwanawe aliyeko kidato cha tano, amezifunga noti kwenye kitambaa, zinanuka kimea. Simwambii mtu yeyote avunje mtungi wake.

Ila nilimuuliza hivi: katika wateja wako, wenye sare ni wangapi? Akanyamaza, akasema ni wachache, na wanasumbua, wanakopa. Basi tunagombania nini? Sheria haikumkataza kumuuzia mtu mzima. Ada ya mwanawe haitoki mfukoni mwa mtoto wa jirani, na kama inatoka, yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba haikai vizuri. Watu wa kuumizwa na ramani ile si yeye. Kuna anayesambaza vichupa kwa jumla, kuna anayepigilia mabango ya bia kwenye kuta za watu, na kuna anayepitisha leseni akiwa ameketi kitini bila kwenda kutazama geti liko wapi. Ndiyo maana nataka daftari lifike kata na halmashauri, lisiishie kwa mama wa mtungi.

Kenya sheria yao ya udhibiti wa vileo ya 2010, ile ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho, inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto. Julai 2025 serikali yao ilizindua sera inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na mjadala ukawaka. Sina ugomvi na 21. Utafiti wa Bridget Grant na Deborah Dawson wa 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa mara nne wa kuja kuwa watumwa wa pombe kuliko waliosubiri hadi 20, kwa hiyo kila mwaka tunaomchelewesha mtoto ni faida. Lakini mita 300 anazipima nani? Umri wa 21 atausimamia nani, ikiwa wa 18 hatujausimamia? Sheria bila mtu wa kuhesabu hatua inabaki karatasini, na mtu wa kuhesabu tunaye, amevaa sare, anapita hapo mara mbili kwa siku.

Tatizo ni kwamba hatujampa pa kusemea. Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Watoto wana mabaraza yao, ni kweli, na mengi hukumbukwa Siku ya Mtoto wa Afrika inapokaribia. Maombi ya leseni ya vileo yanapojadiliwa, anasikilizwa mwombaji, anasikilizwa mtendaji, anasikilizwa mtu wa afya kuhusu choo. Mtoto anayesoma mkabala hasikilizwi. Ninachodai ni kidogo sana: kila ombi la leseni mpya, au la kuihuisha ya zamani, karibu na shule, lisijadiliwe mpaka klabu ya shule hiyo imeleta daftari lake na mwakilishi wao amesimama kulisoma, mwalimu akiwa pembeni yake. Dakika tano. Wakubwa wakishasikia wapige kura wanavyotaka, lakini majina ya waliokubali yaandikwe kwenye muhtasari.

Na wewe mzazi utakayesimama kikao kijacho kusema watoto wanaharibiana wenyewe, nakusihi, siku hiyo kabla ya kwenda ukumbini tembea kutoka geti la shule ya mwanao hadi nyumbani kwako. Tembea na mwanao, mwache yeye akuonyeshe. Usimhoji. Mwache aseme. Ukirudi na bado unaamini ni makundi, simama useme, nitakusikiliza.

Binti yule sasa yuko kidato cha nne. Daftari lake limesomwa na mwalimu wake, na wenzake, na mimi. Mitihani ni Novemba, baada ya hapo ataondoka shuleni na ataondoka nalo. Ofisi ya kata iko mwendo wa dakika kumi kutoka getini pale, na mlango wake uko wazi saa za kazi. Mtendaji, muite kabla ya Novemba.